Waliochoma rekodi za disko mwaka 1979 walikuwa na hoja? Tujadili

Santuri_ya_Kale (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi iliyopita nilialikwa kwenye sendofu ya binti wa jirani. Dijei alipiga amapiano tangu saa mbili usiku, vijana wakajimwaga vilivyo. Saa nne na ushee akabadilisha upepo, akaweka disko ya mwaka 1978. Mama zetu waliokuwa wameketi na sahani za pilau mapajani wakaziweka chini, wakavua viatu, wakaingia kucheza miguu mitupu. Shemeji mmoja niliyekaa naye meza moja akatikisa kichwa: "Takataka za Wazungu. Huo haukuwa muziki hata siku moja."

Nimekaa na maneno hayo siku nne yananikereketa. Sentensi fupi namna ile ina makosa mawili, na watu wengi wa rika letu wanaiamini.

Tuanze na hilo la Wazungu. Februari 1970, jijini New York, bwana mmoja aitwaye David Mancuso alialika watu waje kucheza nyumbani kwake, namba 647 mtaa wa Broadway. Pale mahali pakaja kujulikana kama The Loft. Pombe haikuuzwa, bila mwaliko huingii, na spika zilipangwa na mtu aliyejali sauti kuliko mauzo. Waliojaa humo walikuwa weusi, watu wenye asili ya Puerto Rico, na mashoga ambao polisi walikuwa wakiwaandama baa hadi baa. Vurugu za Stonewall, pale mashoga walipopambana na polisi walioivamia baa yao, zilikuwa zimetokea miezi michache tu nyuma, Juni 1969. Kwa hiyo disko ililelewa na watu ambao kumbi za wengine hazikuwataka.

Mdundo nao una mwenyewe. Mwaka 1973 mpiga ngoma mweusi wa Philadelphia, Earl Young, akirekodi na Harold Melvin & the Blue Notes, aliifanya ngoma kubwa ya mguu ipige kila hesabu, moja, mbili, tatu, nne, bila kuruka hata moja, na katikati ya kila hesabu akafungua matoazi kidogo yakatoa "tsii". Jaribu hapo ulipo: kanyaga chini mara nne, na kila unaponyanyua mguu sema "tsii". Ndiyo hiyo disko. Hata asiyejua kucheza anajua mguu wake uende wapi.

Na sisi Waafrika tumo tangu mwanzo. Mwaka 1972 Cameroon ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Manu Dibango akarekodi wimbo wa kuishangilia timu ya taifa, na upande wa pili wa santuri akaweka "Soul Makossa". Kombe likabebwa na Kongo-Brazzaville, wimbo wa timu ukasahaulika. Lakini Mancuso aliikuta santuri ile kwenye duka la watu wa visiwa vya Karibi kule Brooklyn, akaipiga The Loft. Redio ikaidaka, watu wakaisaka madukani wakaikosa, bendi kadhaa zikakimbilia kurekodi nakala zake. Mwaka 1973 ikafika namba 35 kwenye chati kuu ya Marekani. Saksafoni ya mtu wa Douala imo katika sauti za kwanza kabisa za disko, halafu naambiwa vitu vya Wazungu!

Sasa hilo la takataka. Tarehe 12 Julai 1979, uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago. Mtangazaji wa redio Steve Dahl, ambaye miezi michache kabla alipoteza kazi pale kituo chake kilipohamia disko, alitangaza kwamba ukija na rekodi moja ya disko unaingia kwa senti 98. Wakaja watu karibu 50,000. Katikati ya mechi mbili rekodi zikarundikwa uwanjani, zikalipuliwa kwa baruti. Maelfu wakavamia nyasi, polisi wakaingia, mechi ya pili haikuchezwa kabisa, na ushindi wakapewa wageni kutoka Detroit.

Siku ile kulikuwa na kijana mweusi anaitwa Vince Lawrence, kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu viti. Ameeleza mara nyingi kwamba rekodi nyingi alizoona zikiletwa hazikuwa hata disko. Zilikuwa za wanamuziki weusi, basi. Hilo ndilo linalonifanya nisiweze kuuchukulia ule moto kama mzaha wa washabiki wa roki.

Karibuni. Mwenye hoja tofauti aje nayo, tusitukanane.

Kijana_wa_Sinza

Mkuu, ile "mama-se mama-sa" ya Michael Jackson ndiyo hiyo ya Cameroon? Miaka yote nilidhani ni Kiswahili kilichoharibiwa!

Santuri_ya_Kale

Ndiyo hiyo hiyo, mdogo wangu. Makossa ni muziki wa Douala, na Dibango alikuwa akichezea neno lenyewe mdomoni. Michael akalitumia mwaka 1982 bila kuomba, wakamalizana nje ya mahakama. Mwaka 2007 Rihanna naye akalitumia, mzee wa watu akarudi mahakamani mwaka 2009. Alifariki Ufaransa Machi 2020 kwa korona, miongoni mwa wanamuziki wakubwa wa kwanza kuchukuliwa na ugonjwa ule.

Mpiga_Besi

Wanangu, nimesoma yote. Mleta mada umeandika kwa heshima, nami nitajibu kwa heshima, ila sitakuficha: mimi disko ilininyang'anya mkate.

Nilipiga gitaa la besi kwenye bendi ya hoteli moja hapa Dar kuanzia mwaka 1976. Tulikuwa 11. Vyombo vyote vilikuwa mali ya hoteli, sisi tulikuwa na vidole vyetu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 80 nchi haikuwa na fedha za kigeni, nyuzi za gitaa hazipatikani. Nyuzi za besi zikishachoka hulia kama kamba ya katani. Tulikuwa tunazivua, tunazichemsha kwenye sufuria, tunazifuta kwa kitambaa, tunazirudisha. Zinalia vizuri siku mbili tatu, halafu unachemsha tena. Ndivyo tulivyopiga, na watu walicheza hadi saa tisa za usiku.

Siku moja tumefika mazoezini tukakuta jukwaa letu limepangwa meza. Juu ya meza mashine mbili za santuri, pembeni kreti mbili za rekodi, na kijana mmoja. Meneja akatuambia tutakuwa tunapiga Jumamosi peke yake. Baada ya miezi mitatu hata Jumamosi ikaondoka. Hesabu ilikuwa rahisi kwake: mshahara wa watu 11 dhidi ya mtu mmoja ambaye haumwi koo, hana mpuliza tarumbeta aliyesafiri msibani, hadai wimbo mpya ufanyiwe mazoezi wiki mbili.

Mnasema disko iliwapa nafasi waliokataliwa. Huko New York sawa, nawaamini. Hapa kwetu ilimkataa mwanamuziki. Vijana waliokuja baada yetu hawakuwa na bendi ya hoteli ya kujifunzia. Mimi nilijifunza besi kwa kusimama nyuma ya jukwaa miaka miwili nikiangalia vidole vya mkubwa wangu. Nyuma ya mashine ya santuri utaangalia vidole vya nani?

Kijana_wa_Sinza

Shikamoo mzee. Hiyo ya kuchemsha nyuzi sijawahi kuisikia popote.

Mpiga_Besi

Marahaba mwanangu. Muulize mpiga besi yeyote wa zamani, atakuambia aliiba sufuria ya nani.

Binti_Kisauni

Asalaam aleikum nyote. Mzee wangu Mpiga Besi, pole. Lakini kwetu Mombasa mambo hayakwenda hivyo moja kwa moja, na ningependa na hili liingie kwenye uzi.

Kwetu bendi hazikuikimbia disko, ziliitia mikononi zikaigeuza. Slim Ali na Hodi Boys walikuwa wakipiga soul na muziki wa kucheza kwa vyombo vyao, na watu wakijaa. Halafu miaka ya 80 Mombasa Roots wakatoa "Disco Chakacha". Asiyejua chakacha nimweleze: ni ngoma ya wanawake wa pwani, ya harusini, kiuno ndicho kinachosema. Inapigwa kwa msondo, vumi na chapuo, na mapigo yake huyumba kwa tatu-tatu, si kwa nne-nne kama disko. Roots wakachukua ule wimbo wa harusini wakaukalisha juu ya ngoma ya mguu inayokwenda moja-mbili-tatu-nne. Ulipigwa kila mahali. Hadi leo ukiwekwa harusini hakuna mwanamke anayebaki kitini.

Bibi yangu hakufurahi. Alikuwa akisema chakacha ina uwanja wake, ina pazia lake, wanaume hawaingii, na sasa imepelekwa mahotelini watalii waitazame. Tena alikuwa na sikio kali: alisema, "Wameinyoosha." Mwenyewe alikuwa akipiga chapuo. Ukisikiliza kwa makini utaona kweli, ule myumbo wa tatu-tatu umebanwa. Kiuno kinataka kuzunguka, ngoma inakiambia kipige hatua.

Mimi napenda vyote viwili. Ila nikiambiwa disko haikuharibu kitu, nitamkumbuka bibi. Na nikiambiwa iliua muziki wetu, nitaicheza hiyo ya Roots.

Mtoro_wa_Baridi

Wakuu, naandika nikiwa Chicago, mwaka wa 14 sasa. Ule uwanja wa Comiskey ulishabomolewa, lakini nitawaambia kilichoota baada ya ule moto.

Mwaka 1977, miaka miwili kabla ya baruti, dijei kutoka New York aitwaye Frankie Knuckles alihamia huku akawa anapiga kwenye klabu ya Warehouse, jengo la zamani la kazi za viwandani pale South Jefferson. Waliokwenda walikuwa wengi wao vijana weusi na Walatino, wengi mashoga. Disko ilipokufa redioni, yeye hakuwa na rekodi mpya za kupiga, kampuni zilikuwa zimeacha kuzitoa. Akaanza kuzikatakata zile za zamani kwa mashine ya utepe, anarefusha sehemu ya ngoma, anaongeza mashine ya mdundo chini yake. Watu wakaenda madukani kuulizia "ule muziki wa Warehouse", jina likafupishwa likawa house. Na yule kijana Vince Lawrence wa viti? Mwaka 1984 alishiriki kutengeneza "On and On" ya Jesse Saunders, inayohesabiwa na wengi kuwa rekodi ya kwanza ya house. Aliona moto kwa macho yake, akaenda kuotesha kwenye majivu.

House ikasafiri. Ikafika Afrika Kusini, vijana wa Soweto miaka ya 90 wakaipunguza kasi wakaimbia kwa lugha zao, ikawa kwaito. Kwaito na house ndiyo baba na mama wa amapiano. Kwa hiyo mleta mada, usiku ule wa sendofu dijei hakubadilisha upepo. Alitoka kwa mjukuu akaenda kumsalimia bibi.

Ila niseme jambo moja ambalo hatulipendi. Wale waliochukia disko hawakuwa wabaguzi wote. Baada ya ile filamu ya John Travolta ya mwishoni mwa 1977, "Saturday Night Fever", kampuni za rekodi zilimwaga takataka sokoni kwa malori. Tangu 1976 tayari mtangazaji mmoja alikuwa ameshika namba moja Marekani kwa wimbo wa kuigiza sauti ya bata! Vituo vya redio vinaamka asubuhi vimefukuza watangazaji vimekuwa disko saa 24. Na makala ya jarida iliyozaa filamu ile, mwandishi wake Nik Cohn alikuja kukiri miaka mingi baadaye kwamba alibuni. Yaani picha ya disko ambayo dunia nzima inaijua, kijana mweupe wa Brooklyn kwa suti nyeupe, ilitoka kwenye kichwa cha mtu mmoja. Shemeji yako wa sendofu hakuwa mjinga, mkuu. Ndivyo alivyouziwa.

Santuri_ya_Kale

Mtoro, hapo umenigonga na nimekubali. Nilikuwa namlaumu shemeji kwa kosa la wenye duka.

Mwl_wa_Zamu

Nimefundisha sekondari miaka 31, Kenya na Tanzania. Naona mnajadili muziki kana kwamba unaning'inia hewani. Muziki una mahali unapopigiwa.

Kule magharibi mwa Kenya na pwani ya Kilifi kuna kitu kinaitwa disko matanga. Mtu amefariki, familia inatafuta fedha za mazishi, usiku wanafunga spika watu wacheze watoe chochote. Nimezika wanafunzi wangu wawili, na usiku wa kabla ya mazishi nikawakuta wenzao wa darasani wakiwa kwenye disko hiyo saa nane za usiku. Mimba za wasichana tuliozihesabu muhula uliofuata nyingi zilianzia huko. Serikali imepiga marufuku mara kadhaa, inarudi. Huku Tanzania tuna disko vumbi, na disko toto za sikukuu. Mnakumbuka Tabora, Idi ya Oktoba 2008? Watoto karibu 20 walikufa kwa kubanana ukumbini. Walikwenda kucheza mchana, na nguo zao za sikukuu.

Msinielewe vibaya, sisemi saksafoni ya Dibango iliwaua. Nasema neno disko lilipofika kwetu lilikuja likiwa na maana ya mahali pasipo mtu mzima. Ngoma za wazee wetu zilikuwa na mtu wa kusema "basi, watoto wakalale". Nani husema hivyo kwenye disko?

Kijana_wa_Sinza

Mwalimu, Tabora ilikuwa milango na idadi ya watu. Ingekuwa kwaya ingetokea vilevile.

Mwl_wa_Zamu

Kwaya ina mwalimu wa kwaya, kijana.

Santuri_ya_Kale

Mwalimu shikamoo. Hoja ya Tabora siwezi kuijibu kwa muziki, na sitajaribu. Wale watoto walistahili milango iliyo wazi na mtu wa kuwahesabu wakiingia.

Lakini hili la maadili lina historia ndefu kuliko disko. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na wasichana wakasumbuliwa mabarabarani. Novemba mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Hoja zilikuwa ndizo hizi: vijana wanaharibika, utamaduni wetu unamezwa. Disko ilipokuja na suruali zake za bugaluu, pana miguuni, na viatu vya raizoni vya soli nene, ilikuta kesi imeshafunguliwa tayari. Marehemu kaka yangu alikatwa suruali yake na vijana wa operesheni, mkasi kuanzia unyayo hadi gotini, akarudi nyumbani ameishika kwa mkono. Mama aliishona ikawa kaptura, akaivaa tena kwa miaka minne. Kosa lake lilikuwa upana wa kitambaa.

Ninachoogopa ni pale tunapoona tatizo la kweli, kama hilo la matanga, tukaelekeza mkasi kwenye suruali.

Mwl_wa_Zamu

Marahaba. Ya kaka yako yananiuma, na nilikuwepo enzi hizo. Bado nataka mtu mzima mlangoni.

Fundi_Mitambo

Mimi ni dijei, sasa nina miaka 52. Mzee Mpiga Besi ameuliza nyuma ya mashine utaangalia vidole vya nani. Naomba nimjibu, maana swali hilo limenigusa.

Utaangalia vya dijei mkubwa wako. Nilibeba kreti za rekodi za mtu miaka mitatu kabla hajaniruhusu kugusa sindano. Santuri mbili zina kasi tofauti kidogo. Unashika moja kwa ncha za vidole, sahani inazunguka chini yake yenyewe haizunguki, unasikilizia kwenye hedifoni sikio moja, ukumbi kwenye sikio la pili, na mapigo yakikutana unaachia. Ukikosea kwa nukta, ukumbi mzima unasikia farasi wawili wanakimbia. Ukipatia, watu hawajui hata wimbo umebadilika saa ngapi. Hiyo ni kazi ya mikono, mzee wangu, na ilianza na disko.

Hata santuri yenyewe disko iliibadilisha. Zile ndogo za inchi 7 zilibeba dakika tatu nne. Ukitaka wimbo mrefu inabidi mifereji inayopita sindano ibanwe, na mfereji ukibanwa besi inakonda. Tom Moulton wa New York alikuwa akirefusha nyimbo kwa ajili ya wachezaji. Siku moja fundi wake aliishiwa sahani tupu za inchi 7, akamkatia wimbo kwenye sahani kubwa zaidi. Mifereji ikapata nafasi ya kutanuka, sauti ikatoka nene, kubwa, besi inasukuma kifua. Ilikuwa bahati tu. Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul ikatoa santuri ya inchi 12 ya kwanza kuuzwa madukani kwa watu wote. "Remiksi" nyingi unazosikia leo zina deni kwa sahani zile zilizoisha.

Na ninyi mnaosema disko iliua bendi, kumbukeni pia ndani ya kumbi za disko za Dar ndimo vijana wa mwanzoni mwa miaka ya 90 walimoshika maikrofoni kwa mara ya kwanza, dijei anawawekea ala za Kimarekani, wao wanachana kwa Kiswahili. Saleh J alipotafsiri rapu ya "Ice Ice Baby" hakuwa na bendi. Bila ile meza ya mashine mbili, Bongo Fleva ingeanzia wapi?

Binti_Kisauni

Fundi, maelezo ya mifereji nimeyasoma mara mbili, ahsante sana.

Hamjagusa wanawake. "I Will Survive" ya Gloria Gaynor ilitoka 1978 ikiwa upande wa pili wa santuri, kampuni ilitaka wimbo mwingine kabisa uvume. Madijei wakaigeuza sahani. Februari 1980 ikapata tuzo ya Grammy ya rekodi bora ya disko, tuzo iliyotolewa mwaka huo mmoja tu kisha ikafutwa. Mama mdogo wangu alipoachwa na mume na watoto watatu, alikuwa na kaseti ya wimbo huo. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la nne. Alinituma niandike maneno yote kwenye daftari na tafsiri chini yake, nikiwa na miaka 13. Akawa anaimba akifua. Nilivyomwona akisimama wima kwenye beseni lile la nguo, sitakubali mtu aniambie ule haukuwa muziki.

Kijana_wa_Sinza

Na Boney M mmewasahau? Krismasi bila Boney M kwetu si Krismasi. Mama anaanza kuwapiga tarehe 1 Desemba.

Mtoro_wa_Baridi

Yule kaka aliyekuwa akiruka jukwaani, Bobby Farrell, kwenye rekodi haimbi. Sauti nzito ile ni ya mtayarishaji Mjerumani Frank Farian. Lakini sauti za Liz Mitchell na Marcia Barrett ni za kweli, wasichana wa Jamaika. Na ule wimbo wao wa mito ya Babeli ni Zaburi ya 137, uliimbwa kwanza na Melodians wa Jamaika kabla disko haijaanza kuvuma. Watu waliochukuliwa mateka wakalia kando ya maji. Nikiusikia huku kwenye theluji naelewa kwa nini kanisani kwetu kijijini waliuimba bila kujali umetoka ukumbi gani.

Mpiga_Besi

Nimerudi. Nilitaka kunyamaza ila Fundi Mitambo umenijibu kiume, na binti yangu wa Kisauni ameniliza.

Fundi, nakukubali. Kumbe na ninyi mlibeba kreti. Sikulijua hilo, na yule kijana aliyechukua jukwaa letu sikuwahi kumsalimia hata siku moja. Bado nasema hoteli ingeweza kutuweka wote wawili. Hilo sitalibadilisha.

Sasa niwape kitu cha mpiga besi. Baada ya kukosa kazi nilikaa nyumbani na kaseti ya Chic, kundi la Nile Rodgers na Bernard Edwards. Nilitaka kujua ni kitu gani hasa kimenifukuza. Nikaanza kutafuta besi ya "Good Times" kwenye gitaa la kuazima. Sauti tatu zilezile, paa, paa, paa, halafu kimya, halafu vidole vinapanda ngazi. Ukiisikiliza unadhani mtoto anaweza. Ilinichukua wiki mbili, kwa sababu ugumu wake uko kwenye ule ukimya: ukiwahi kidogo tu, wimbo unaanguka. Hakuna mashine pale. Ni mtu ameketi na gitaa lake, kama mimi.

Wimbo huo ulikuwa namba moja Marekani Agosti 1979, mwezi mmoja tu baada ya huo moto wa Chicago. Kabla mwaka haujaisha Sugarhill Gang wakachukua besi hiyohiyo wakaichania, ikawa rapu ya kwanza kusikika duniani kote. Mwaka uliofuata John Deacon, mpiga besi wa bendi ya roki ya Queen, ambaye alikuwa amekaa na Chic studio, akaandika "Another One Bites the Dust", na besi yake inaanza kwa zile sauti tatu, paa, paa, paa. Ikawa namba moja, na miongoni mwa walioinunua walikuwemo washabiki wa roki. Huenda baadhi ya wale waliochoma rekodi mwaka mmoja kabla walikuwa wanacheza besi ya disko majumbani mwao. Aliyeiimba alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, Farrokh Bulsara, ninyi mnamwita Freddie Mercury.

Bernard Edwards alifia Tokyo Aprili 1996, hotelini, baada ya onyesho. Alikuwa anaumwa, wakamwambia apumzike, akapanda jukwaani akapiga. Nilisikia habari hiyo redioni nikiwa dukani kwangu nauza misumari.

Mjukuu wangu ana miaka 15, nimemnunulia besi. Wiki hii namfundisha hizo sauti tatu. Anawahi. Kila mara namwambia subiri, anawahi.